UZI: Vijana wa Kichina na mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuo kikuu. Kila kosa la sarufi lina kwao

Mwana wa Mzizima (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu. Juzi hapa jukwaani kuna mtu aliandika kwamba vijana wa Kichina "wanakariri tu, Kiingereza hawajui", na wengi wakamuunga mkono. Nimekaa nao darasani kwao, na leo hii nakaa nao mezani hapa Dar, kwa hiyo nimeona si haki ninyamaze.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Shahada ya pili nilisomea Wuhan, na sehemu ya masomo yangu ilikuwa kukaa muhula mmoja nyuma ya darasa katika sekondari moja ya pale, nikiangalia vijana wa mwaka wa mwisho wanavyoandaliwa kwa gaokao, yaani mtihani wao wa kuingia chuo kikuu. Niliporudi nikaanza kufundisha watoto wa wafanyabiashara wa Kichina hapa mjini, wengi wao wanaomba vyuo vya nje na wanatakiwa wafanye IELTS au TOEFL, mitihani ya Kiingereza inayotambuliwa na vyuo hivyo. Kwa hiyo makosa yao nayajua kwa sura, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Gaokao yenyewe hufanyika Juni 7 na 8, na baadhi ya mikoa huongeza siku. Kiingereza ni tarehe 8, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja. Alama zote ni 750, na Kiingereza kina 150, sawasawa na Kichina na sawasawa na hisabati. Mwaka 2024 walijiandikisha watu milioni 13.42. Karibu na vituo vya mtihani ujenzi husimamishwa na madereva hukatazwa kupiga honi, hasa ule muda wa kusikiliza, maana sehemu ya kusikiliza peke yake ina alama 30.

Sasa picha ninayotaka muione. Saa moja kasoro asubuhi, darasa zima limesimama, kila mtoto ameshika kitabu chake na anasoma kwa sauti, kila mmoja ukurasa wake. Ukiwa mlangoni unasikia mvumo tu, kama nyuki. Kuna binti mmoja alikuwa karibu na dirisha, daftari lake la msamiati amelichora safu tatu: neno la Kiingereza, maana kwa Kichina, sentensi. Amelikunja ili aone Kichina tu, anatamka Kiingereza, anafunua, anajihakiki. Akikosea anaweka nukta nyekundu. Maneno mengine yalikuwa na nukta saba, nane.

Mtaala wao unamtaka mtahiniwa awe na maneno kama 3000 hadi 3200, na vitabu vya madukani huandikwa 3500 kwenye jalada. Vingi vimepangwa kwa alfabeti, na neno la kwanza kabisa ni "abandon". China nzima inalijua neno hilo, hata aliyeishia ukurasa wa kwanza.

Huyo binti alikuwa anajua maneno mengi kuliko wanafunzi wengi wa kidato cha sita niliowahi kufundisha hapa nyumbani. Lakini siku moja alileta karatasi ya mazoezi imejaa wino mwekundu, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa mtihani wa sarufi ni kitu gani. Nakuja.

Ticha Kondoa

Nafuatilia mkuu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne, hili linanihusu moja kwa moja. Endelea.

Mwana wa Mzizima

Asante Ticha. Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu bila historia hutaelewa kwa nini walizoea mtihani wa kuchagua.

Gaokao ilisitishwa mwaka 1966 yalipoanza Mapinduzi ya Kitamaduni, zile vurugu za kisiasa za zama za Mao, ikarudi Desemba 1977. Watu takriban milioni 5.7 wakajitokeza, kina kaka na dada waliokuwa wamepelekwa mashambani miaka na miaka, na waliopata nafasi ni kama 270,000 tu. Kiingereza wakati ule hakikuwa na uzito. Walimu wenyewe walikuwa wachache, na wengi wa waliokuwepo walikuwa wamesomea Kirusi, maana miaka ya 1950 ndiyo iliyokuwa lugha ya urafiki na Wasovieti. Alama za Kiingereza zikawa zinahesabiwa kidogo kidogo, mpaka 1983 zikahesabiwa zote.

Mwaka 1985 pale mkoani Guangdong, mtaalamu wa isimu Gui Shichun na wenzake wakaanza kujaribu mtihani wa kisasa wa Kiingereza, uliopimwa kitakwimu na kusahihishwa kwa mashine, na baadaye ukaenea nchi nzima. Mwalimu aliyezoea kusahihisha kwa mkono usiku kucha ataelewa ilikuwa nafuu kiasi gani. Swali lina A, B, C na D, mtahiniwa anapaka penseli, mashine inasoma.

Kwa miaka mingi sarufi ikapimwa hivyo. Sentensi moja, nafasi moja, majibu manne. Mfano wa aina hiyo (nimeutunga mwenyewe): "Although it was raining, ___ they went to the field." Chaguo: "but", "and", "so", na la nne ni mkwaju (/) tu, maana yake usiweke kitu. Jibu ni mkwaju.

Kwa nini swali hili lilikuwa likirudi kila mara? Kwa sababu Kichina husema "suiran... danshi...", ingawa... lakini. Viwili vinakwenda pamoja kama mchi na kinu. Mtoto wa Kichina akiandika "although" ni lazima "but" imfuate, lugha yake inamsukuma. Mtunga mtihani anajua hilo, kwa hiyo anatega hapo hapo.

Na sisi je? "Ingawa mvua ilinyesha, lakini walikwenda." Nani hapa hajawahi kusema hivyo? Ticha Kondoa, wape wanafunzi wako hilo swali kesho.

Ticha Kondoa

Sihitaji hata kuwapa. Hilo kosa nalipiga mstari kila wiki, na sikuwahi kufikiria kwamba linatokana na Kiswahili. Nilikuwa nadhani ni uzembe tu.

Mzigo wa Guangzhou

Niko Guangzhou mwaka wa tisa, biashara ya vitambaa. Naomba nichangie. Dada anayenisaidia dukani Kiingereza chake kizuri, lakini akimzungumzia mama yake anasema "he". "My mother, he is sick." Mwanzo nilidhani namsikia vibaya.

Mwana wa Mzizima

Mkuu umegusa penyewe. Katika Kichina cha kusemwa, yeye mwanamume, yeye mwanamke na hata kitu, vyote ni "ta". Katika maandishi herufi ni tofauti, lakini sikio halisikii tofauti. Mtoto anajua kabisa mama yake ni mwanamke, ila ulimi wake haujawahi kutakiwa ulitangaze hilo kwenye kiwakilishi. Na Kiswahili ni vivyo hivyo: a-naumwa, a-mekuja, ni nani, mume au mke? Kitenzi hakisemi. Ndiyo maana na sisi tunateleza kwenye "he" na "she" mpaka uzeeni.

Sasa turudi kwa yule binti na karatasi yake nyekundu.

Kuanzia 2014 karatasi za kitaifa ziliacha maswali ya kuchagua ya sarufi, zikaweka kifungu kimoja chenye nafasi 10, kila nafasi alama 1.5. Guangdong walikuwa wameshaanza tangu 2007. Baadhi ya nafasi zimewekewa neno pembeni, mtahiniwa alibadilishe umbo liingie sawasawa. Nyingine ni tupu kabisa, na hapo inatakiwa "a" au "the", kihusishi, au kiunganishi. Hakuna A, hakuna B. Unatoa mwenyewe kichwani.

Kwa mwenye lugha ya Kichina huu ni mlima. Kichina hakibadilishi maumbo ya maneno. "Fazhan" ni kuendelea na ni maendeleo, neno lile lile, unajua kwa mahali lilipokaa. Kiingereza kinataka "develop" igeuke "development", "beauty" igeuke "beautiful". Sisi wa Kiswahili hapa hatushangai, maana lugha yetu yote ni kugeuza maumbo: soma, somo, msomaji, usomaji, kisomo, somesha, someka. Sisi na wao tunateleza pamoja kwenye "although", lakini kwenye mnyumbuliko wa maneno wao wanapanda peke yao.

Njeo, yaani wakati wa kitenzi, ndiyo iliyomwangusha binti. Kifungu kilimhusu bibi wa kijijini, tukio la zamani, na neno pembeni lilikuwa "teach". Akaandika "teach", bila kulibadilisha. Mwalimu wake akapiga mkasi. Wakati wa mapumziko akanijia na karatasi, hakulalamika, aliuliza kwa dhati: sentensi imeanza na "in 1995", msomaji ameshajua ni zamani, sasa kitenzi kirudie kusema zamani kwa faida ya nani?

Nilikaa kimya. Kwa Kichina yuko sahihi kabisa. Ukishasema jana, kitenzi kinabaki kilivyo, na ule "le" wa mwishoni hueleza kwamba jambo limetimia, hautaji wakati. Kiswahili hakikubali: "Jana ni-LI-kwenda." Tumeshasema jana na bado -li- inarudia. Nikamwandikia hiyo sentensi kwenye daftari lake, nikaizungushia duara -li-, nikamwambia hata kwetu kitenzi hubeba saa yake mwenyewe, usimnyang'anye. Akacheka, akainakili pembeni ya "teach, taught". Wiki zilizofuata kila kitenzi cha zamani alikuwa anakichorea kiduara kidogo kwanza, ndipo anakigeuza.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwenye huu uzi. Mtihani wa sarufi unaofaa ni ule uliotungwa na mtu anayejua mtahiniwa anatoka lugha gani, na mwalimu anayefaa ni yule anayesoma kosa kama anwani ya bahasha: limetoka wapi? Ukisema "hawajui" umeifunga bahasha bila kuisoma.

Kitabu Wazi

Uzi mzuri, ila nina pingamizi mbili. Kwanza, hao hao Wachina miaka ya 1990 walikuwa wanapata zaidi ya 600 kwenye TOEFL, wakifika Marekani wanashindwa kuagiza chakula. Hilo unalielezaje? Pili, mtihani wa watu milioni 13 huwezi kuufanya bila maswali ya kuchagua. Nani atasahihisha?

Mwana wa Mzizima

Pingamizi zote mbili ni za haki, Kitabu.

La kwanza. TOEFL ilianza 1964, na ile ya zamani ya karatasi ilikuwa na sehemu nzima ya sarufi: maswali 40 kwa dakika 25, yote ya kuchagua. Alama ya juu kabisa ya mtihani wote ilikuwa 677. Hakukuwa na sehemu ya kuzungumza. Mtoto aliyelelewa kwenye A, B, C, D tangu sekondari anafika pale yuko nyumbani. Alama zake hazikuwa za uongo, alikuwa anajua kweli kile alichoulizwa, yaani kulitambua kosa akiliona. Kulitambua ni kazi moja, kutoa sentensi mdomoni mbele ya mhudumu aliyekukazia macho ni kazi nyingine, na ile karatasi haikuwahi kuiuliza hiyo ya pili. Mwaka 2005 TOEFL ya intaneti ilipokuja, sehemu ya sarufi ikaondolewa kabisa, ikawekwa ya kuzungumza. Sarufi sasa inapimwa ndani ya unachosema na unachoandika. Wanafunzi wangu wa hapa Dar wanateseka hapo, na ni mateso yanayowafaa.

La pili. Milioni 13 ni wengi, kweli. Lakini tayari karatasi yao ya sasa ina alama 40 za kuandika, 15 kwa barua fupi na 25 kwa kuendeleza hadithi: unapewa mwanzo wa hadithi na sentensi ya kwanza ya kila aya kati ya aya mbili, unamalizia kwa maneno kama 150. Karatasi huskaniwa, walimu husahihisha kwenye kompyuta, insha moja wanaisoma wawili, wakitofautiana sana anaitwa wa tatu. Ndiyo maana watoto hufundishwa hata mwandiko. Nimeona madaftari yenye herufi za mviringo zilizosimama wima kama zimepigwa chapa, ili msahihishaji aliyechoka asipate taabu kwenye skrini.

Hiyo ya kuendeleza hadithi naipenda kuliko zote. Hadithi ni ya wakati uliopita mwanzo hadi mwisho. Mtoto akisahau njeo mara moja inaonekana, akisahau mara kumi inaonekana zaidi, na hakuna mahali pa kubahatisha. Barua ile fupi, kinyume chake, imekuwa ya kukariri. Kwa miaka mingi mwandishi wake amekuwa kijana mmoja wa kubuni anayeitwa Li Hua. "Jifanye wewe ni Li Hua, mwandikie rafiki yako wa nje." Vizazi vya watoto vimeandika barua za Li Hua, vimejifunza mwanzo wake na mwisho wake kwa moyo, na hapo yule aliyesema "wanakariri" ana hoja. Lakini lawama iende kwa swali linalokubali kukaririwa.

Bi Mkubwa wa Mtaa

Mwanangu, na msamiati? Binti yangu anakwenda kusomea China, yeye kwa upande wake anakariri maneno ya Kichina kwa ajili ya HSK, ule mtihani wa Kichina kwa wageni, analia kila siku. Je, kukariri orodha kunasaidia au anapoteza muda?

Mwana wa Mzizima

Shikamoo Bi Mkubwa. Kunasaidia, asiache. Ila orodha humpa mtu uso wa neno tu.

Wachina wana msemo kwa hili, "shuci shengyi", neno unalolijua lenye maana usiyoijua. Watunga mitihani wao wanapenda sana. Mtoto amekariri "address" ni anwani. Kwenye kifungu anakutana na "address the problem", anaanza kutafuta nyumba ya tatizo. Amekariri "book" ni kitabu, anakutana na "book a room". Ni kama mgeni aliyejifunza kwamba paa ni la nyumba, halafu unamwambia paa amekimbilia porini na ndege imepaa. Neno analijua, sentensi haijui.

Kisha kuna maneno yanayooana. Kichina husema "kula dawa", kwa hiyo mtoto anaandika "eat medicine". Sisi tunasema kunywa dawa, hata kama ni kidonge, tunaandika "drink medicine". Kiingereza kinataka "take". Kichina husema mvua kubwa, na sisi mvua kubwa, wote tunaandika "big rain", wenyewe wanasema "heavy". Kichina hufungua taa, kama sisi tunavyofungua redio, wote tunaandika "open", wenyewe wanasema "turn on". Hayo hayakai kwenye orodha ya neno moja kulia na moja kushoto. Mwambie binti kila neno aliandike na jirani yake. Asikariri "yao" peke yake, akariri "chi yao", kula dawa, wawili pamoja.

Kitabu Wazi

Nimekuelewa. Sasa wewe ungepewa kutunga, ungetunga vipi?

Mwana wa Mzizima

Ningeiba kutoka Shanghai na Taiwan. Shanghai wana karatasi yao, na ndani yake mtahiniwa anapewa sentensi za Kichina azitafsiri kwa Kiingereza, kila moja na neno la Kiingereza ambalo ni lazima alitumie. Taiwan nao kwenye mtihani wao wa kuingia chuo wana sentensi mbili za kutafsiri kabla ya insha. Walimu wengi wa kisasa hawapendi tafsiri, wanaona ni mambo ya kale. Mimi naona ndiyo swali la kweli kuliko yote kwa mtu wa lugha hii, kwa sababu linamsimamisha mtoto palepale Kichina kinapomvuta shati. Unampa sentensi yenye "suiran... danshi", yenye "ta" wa kike, yenye jana, na maelezo marefu yaliyokaa mbele ya nomino, maana kwao "mtu niliyemwona jana" huanza na niliyemwona jana, ndipo mtu. Sentensi moja, mitego minne. Dakika tatu unajua mtoto amefika wapi.

Hapa Dar ndivyo ninavyofanya. Mwanafunzi mpya simpi karatasi ya kuchagua hata siku moja. Nampa sentensi sita za Kichina na penseli, nakaa pembeni natazama anafuta wapi. Pale anapofuta ndipo somo la kwanza linapoanzia. Kuna kijana mmoja wa Kariakoo, wazazi wake wana duka la vyombo, alifuta neno moja mara nne mpaka karatasi ikatoboka. Lilikuwa "the". Kichina hakina, Kiswahili anachokizungumza vizuri kabisa mtaani nacho hakina. Lugha mbili kichwani na hakuna hata moja ya kumsaidia. Hatukugusa kitu kingine kwa wiki mbili.

Mzigo wa Guangzhou

Yule dada wa dukani nimemsomea hapo kwenye "ta". Amesema mwalimu wake wa sekondari alimchapia mstari mwekundu miaka mitatu na hakuwahi kumwambia sababu. Ameniomba nimuulize: akitaka kuanza upya saa hizi, miaka 31, aanzie wapi?

Mwana wa Mzizima

Mwambie kila jioni akifunga duka aeleze kwa sauti habari ya mtu mmoja tu wa kike aliyemwona siku hiyo, dakika mbili, na ajirekodi kwenye simu. Mteja, mama yake, jirani. Kesho yake asikilize na ahesabu "he" ngapi zimepenya. Asimhadithie mwanamume kwanza, mpaka "she" izoee ulimi. Akiona zimepungua, achanganye wawili, mume na mke wanaogombana bei.

Ticha Kondoa

Mrejesho, wakuu. Leo kidato cha tatu niliandika ubaoni sentensi mbili za Kiswahili, ya ingawa... lakini na ya kunywa dawa, nikawaambia watafsiri kimya kimya. Wengi waliweka "but". Karibu wote waliandika "drink". Safari hii sikupiga mkasi. Nikawauliza neno hilo wamelitoa wapi, na msichana mmoja wa nyuma ambaye huwa hanyanyui mkono akasema, "Kwa bibi yangu, mwalimu, ndivyo anavyosema nikiumwa." Jumatatu nawapa ile ya "he" na "she". Mkuu, kama unazo zile sentensi zako sita, naomba unitumie kwa Kiswahili.

Mwana wa Mzizima

Nazitafsiri usiku huu, Ticha. Ya nne itabidi niibadilishe, ile ya maelezo mbele ya nomino haina kazi kwa watoto wetu. Mahali pake naweka ya "the".